Soketi Iliyoingiwa na Maji Haiponi kwa Kukauka

Mvua kubwa inapopita Dar es Salaam na maji kuanza kupungua katika Bonde la Msimbazi, nyumba za Jangwani, Mchikichini na Kigogo hubaki na alama inayofanana: mstari wa tope ukutani, unaoonyesha maji yalifika wapi. Chini ya mstari huo kuna vitu ambavyo familia huvishughulikia mara moja. Godoro hutolewa juani, sufuria husuguliwa, madaftari ya watoto huanikwa. Chini ya mstari huohuo ipo pia soketi ya umeme, kwa kuwa mara nyingi soketi hufungwa chini ya usawa wa goti. Hiyo hufutwa kwa kitambaa, husubiriwa siku mbili tatu, kisha mtu hujaribu kuchaji simu. Simu ikianza kuingiza chaji, shauri limekwisha: soketi imepona.

Soketi hiyo haikupona. Imekauka tu. Tofauti kati ya maneno hayo mawili ndiyo inayomleta mtu hospitalini akiwa ameungua kiganja, na wakati mwingine ndiyo inayoifanya familia imlete akiwa hana tena mapigo ya moyo.

Baada ya kila mafuriko, watumishi wa afya hutoa mafundisho mazuri. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, watoto wasicheze kwenye madimbwi, kuhara kusipuuzwe, vyandarua vitumike. Mafundisho hayo yameokoa maisha na hayana budi kuendelea. Lakini katika orodha hiyo soketi mara nyingi haimo, kana kwamba ni suala la fundi na shirika la umeme peke yao. Hilo ni pengo katika elimu ya afya. Anayempokea majeruhi ni mganga na muuguzi. Anayeingia nyumbani kwa watu baada ya mafuriko ni mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii. Wao ndio wenye nafasi ya kusema jambo hili mapema, kabla halijawa jeraha.

Wala si jambo la mara moja katika maisha. Mafuriko ya Desemba 2011 yalisababisha baadhi ya wakazi wa mabondeni kuhamishiwa Mabwepande. Katika msimu wa mvua za El Niño wa 2023 na 2024, Serikali ililieleza Bunge mwezi Aprili 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini kutokana na mvua hizo na maafa yaliyoambatana nazo. Rufiji na Kibiti zilifunikwa na maji mwaka huohuo. Aidha, maji hayahitaji mafuriko ili yaingie ndani ya soketi. Bati linalovuja juu ya dari, bomba lililopasuka ndani ya ukuta wa bafu, kiyoyozi kinachodondosha maji na ndoo iliyomwagika wakati wa kudeki, vyote hufika palepale.

Maji hufanya nini ndani ya soketi

Soketi ya nyumbani ni kitu chepesi kukielewa. Nyuma ya matundu matatu kuna vishikio vya chuma vinavyobana pini za plagi. Kila kishikio kimefungwa waya wake: laini, nyutro na ethi. Kinachozuia umeme wa laini usihamie kusikotakiwa ni plastiki kavu na nafasi ndogo ya hewa iliyoachwa katikati. Usalama wote wa kifaa hicho umejengwa juu ya ukavu.

Maji ya mafuriko yanapoingia hayaji peke yake. Huja na udongo, chumvi, majitaka na mafuta ya magari. Maji yakikauka, vitu hivyo hubaki. Chumvi na tope hujenga tabaka jembamba juu ya plastiki kati ya laini na nyutro, au kati ya laini na ethi. Tabaka hilo hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya pwani haikosi unyevu. Kila usiku wenye joto la mvuke, soketi iliyoonekana kavu mchana hulowa tena kwa ndani bila mtu kuona. Umeme kidogo huanza kupita juu ya plastiki, plastiki huungua polepole, na palipoungua hubaki njia ya masizi. Masizi hupitisha umeme vizuri kuliko plastiki, hivyo njia hiyo huzidi kupanuka siku hadi siku. Mwisho wake ni cheche, harufu ya plastiki inayoungua, au moto unaoanzia ukutani watu wakiwa wamelala.

Pili, chuma hupata kutu. Vishikio hupoteza nguvu ya kubana na waya wa shaba huota ukungu wa kijani pale ulipokazwa kwa skrubu. Mahali ambapo mguso ni hafifu, umeme hupita kwa shida na kugeuka joto. Simu haichukui umeme mwingi, kwa hiyo inaweza kuchajiwa miezi kadhaa bila dalili yoyote. Siku itakapochomekwa pasi, birika la umeme au jiko la umeme, joto hilo huongezeka mara nyingi, na plagi huyeyukia ndani ya soketi.

Tatu, maji hayaishii kwenye soketi. Katika nyumba nyingi nyaya hupitishwa kwenye mabomba ya plastiki yaliyofukiwa ukutani. Maji yakishaingia humo hutuama kwenye kona, na hayana jua la kuyakausha. Mtu anaweza kubadilisha uso wa soketi ukawa mpya unaong'aa, huku nyuma yake waya umelala majini.

Wapo wanaojibu kwamba soketi zao zililowa mwaka fulani na hadi leo zinafanya kazi. Jibu hilo watumishi wa afya wanalifahamu, maana hulisikia kila siku kutoka kwa mgonjwa mwenye shinikizo la juu la damu: mbona sijisikii vibaya? Kutokuwa na dalili si ushahidi wa uzima. Soketi inayofanya kazi inathibitisha jambo moja tu, kwamba umeme unafika kwenye plagi. Haisemi lolote kuhusu mahali pengine ambapo umeme huo unafika.

Mwili uliolowa mbele ya volti 230

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, unaobadili mwelekeo kwa kasi ya mizunguko 50 kwa sekunde. Kinachomdhuru mtu hasa ni kiasi cha mkondo unaopita mwilini, na kiasi hicho hutegemea sana ngozi. Ngozi kavu na ngumu huweza kuwa na ukinzani wa makumi ya maelfu ya omu. Ngozi iliyolowa hupoteza kinga hiyo, na ukinzani wa mwili mzima huweza kushuka hadi karibu omu 1,000. Hesabu yake ni rahisi: volti 230 zikigawanywa kwa omu 1,000, mkondo unaopita ni takribani miliampea 230.

Mkondo wa miliampea 1 mtu huuhisi kama mwasho. Ukifika karibu 10 au zaidi, misuli ya kiganja hujikaza na mtu anaweza kushindwa kuachia alichokishika. Ndiyo maana watu husema umeme umemng'ang'ania. Ukiongezeka zaidi, misuli ya kupumua nayo hukaza. Kuanzia takribani miliampea 50 hadi 100, ukipita kifuani kwa sekunde moja au zaidi, moyo unaweza kuacha kudunda na kuanza kutetemeka ovyo bila kusukuma damu. Mtu huanguka, na ubongo huanza kufa ndani ya dakika chache.

Sasa atazamwe mama anayedeki tope akiwa peku, mkono wake mmoja umegusa ukuta penye soketi. Njia ya umeme hapo ni mkono, kifua, miguu, sakafu ya saruji iliyolowa. Moyo umo katikati ya njia hiyo. Mtoto anayetambaa yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu ngozi yake ni laini na yenye majimaji, na vidole vyake hufika hasa palipo na soketi.

Umeme nao una tabia ya kurudi wakati usiotarajiwa. Wakati wa mvua hukatika, au uniti za LUKU huisha na hakuna aliyekumbuka kununua. Nyumba isiyo na mwanga huonekana kuwa nyumba isiyo na hatari. Katika nyumba ya kupanga, mmoja anakumba maji chumbani kwake huku mwenzake uani anaingiza namba za LUKU alizotumiwa kwa simu, kwa nia njema kabisa. Sekunde hiyo ndiyo ya kuogopwa. Kuisha kwa uniti si kuzima umeme. Umeme umezimwa pale tu swichi kuu ilipoteremshwa na watu wote wa nyumba wakaambiwa isiguswe.

Sakiti breka humlinda nani?

Imani iliyoenea ni kwamba nyumba yenye sakiti breka ni salama, kwa kuwa hitilafu ikitokea breka itaanguka yenyewe. Imani hiyo ina ukweli nusu. Breka ya soketi, kwa mfano ya ampea 32, imewekwa ili kulinda waya usipate moto kwa kubebeshwa mzigo mkubwa. Mkondo wa miliampea 230 unaoweza kusimamisha moyo haufiki hata sehemu moja ya mia ya kiasi hicho. Mtu anaweza kufa akiwa ameshikwa na umeme, na breka ikabaki imesimama kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kifaa kinachomlinda mtu ni kingine. Mafundi hukiita RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika kiwango kilichowekwa, hukata umeme ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa ulinzi wa watu, kiwango kinachotakiwa ni miliampea 30, na namba hiyo huandikwa kwenye kifaa chenyewe. Kina kitufe cha majaribio, ambacho kinafaa kubonyezwa mara kwa mara ili kuhakikisha kwamba bado kinakata. Si kinga ya kila jambo: hakimwokoi aliyeshika laini na nyutro kwa wakati mmoja, na kikizamishwa majini nacho hubadilishwa. Hata hivyo, katika nyumba iliyo bondeni, au yenye bomba linalopita jirani na nyaya, hakuna kifaa kimoja cha umeme chenye faida kubwa zaidi kwa maisha ya wakazi wake.

Ishara nyingine inayopuuzwa ni ule mwasho. Friji "linauma" likiguswa, ukuta wa bafu "unatekenya", bomba la maji "linapiga kidogo". Watu hujifunza kuvaa ndala kabla ya kufungua friji, na maisha yakaendelea. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Ukuta unaowasha mkono tayari unapitisha umeme mwilini. Kilichobaki ni siku ambayo mkono utakuwa umelowa na miguu haina ndala.

Kinachopaswa kufanywa nyumbani

Maji yanapokaribia kuingia ndani, umeme uzimwe kwenye swichi kuu mapema, mikono ikiwa mikavu na miguu ikiwa mahali pakavu. Ikiwa maji yameshafika, na kuifikia swichi kuu kunamlazimu mtu akanyage maji, asiende. Shirika la umeme lipigiwe likate umeme kutoka nje. Wakati huo hakuna plagi inayochomolewa wala friji linaloinuliwa. Mali iliyo majini inaweza kusubiri.

Maji yakishapungua, kazi ya kukumba tope ifanyike swichi kuu ikiwa imezimwa, na kipande cha karatasi kibandikwe juu yake kuwajulisha wapangaji wote. Soketi, swichi na vifaa vilivyozama viorodheshwe kwa kufuata mstari wa tope ukutani. Vyote vilivyo chini ya mstari huo vihesabiwe kuwa vimeharibika, hata kama vinaonekana safi.

Fundi mwenye leseni ya EWURA ndiye anayepaswa kufungua. Kazi yake isiishie kubadilisha soketi. Maji yaliyo ndani ya mabomba ya ukutani yatolewe, na nyaya zipimwe kwa mashine ambayo mafundi huiita mega, inayopima kama kinga ya plastiki ya waya bado ni nzima. Kwa nyaya za nyumbani, kipimo hicho hufanywa kwa volti 500, na matokeo hayatakiwi kuwa chini ya megaomu 1. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza namba iliyopatikana, kama mgonjwa alivyo na haki ya kuuliza kipimo chake cha damu kimesomaje. Testa ya bisibisi haitoshi kwa kazi hii: kutokuwaka kwake si uthibitisho kwamba hakuna umeme, na haiwezi kueleza hali ya waya uliomo ukutani.

Mambo kadhaa yanayofanywa kwa nia njema yaachwe. Soketi isikaushwe kwa drayeri ya nywele wala kuwekewa jiko la mkaa karibu. Isisafishwe kwa petroli au mafuta ya taa, kwa sababu cheche moja inatosha kuleta moto. Vishikio vyenye kutu visisuguliwe kwa msasa na kurudishwa. Soketi yenye hitilafu isifunikwe kwa mfuko wa plastiki huku umeme ukiendelea kupita, wala nyumba isiendeshwe kwa ekstensheni inayotoka kwa jirani na kupita juu ya sakafu iliyolowa.

Kwa tukio dogo, kama maji safi yaliyorukia uso wa soketi wakati wa kudeki, breka ya soketi hizo izimwe kwanza, na plagi isichomolewe kwa mkono uliolowa. Ikiwa maji yamebaki juu ya uso, yafutwe na kuachwa yakauke kabisa kabla ya kuwasha. Ikiwa kuna shaka kwamba yamepenya matundu, fundi afungue na aangalie. Dalili zinazotaka hatua ya haraka ni mlio kama wa kukaanga, joto kwenye uso wa soketi, rangi ya kahawia kuzunguka matundu, harufu ya kuungua, au breka inayoanguka kila inapopandishwa. Breka ya namna hiyo isilazimishwe, maana inaeleza ukweli. Moto ukianza, usimwagiwe maji. Umeme ukatwe kama inawezekana, watu watoke nje, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe kwa namba 114.

Mtu akipigwa na umeme

Hofu ya kwanza ya anayeona mwenzake ameng'ang'aniwa ni kumkumbatia na kumvuta. Hofu hiyo huongeza majeruhi wa pili. Umeme uzimwe kwanza kwenye swichi kuu. Ikishindikana kabisa, na ikiwa ni umeme wa ndani ya nyumba, mwokoaji asimame juu ya kitu kikavu, kama ubao au ndoo ya plastiki, amtenge majeruhi kwa fimbo kavu ya mbao au ufagio mkavu wa plastiki. Ikiwa waya umeanguka nje kutoka kwenye nguzo, asisogee mtu hadi shirika la umeme lithibitishe kuwa umekatwa.

Akishatengwa, aitwe na aangaliwe kama anapumua. Asipoitika na asipopumua kawaida, kifua kianze kukandamizwa papo hapo: viganja viwili katikati ya kifua, kina cha sentimeta 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefundishwa ampe pumzi 2 baada ya kila mikandamizo 30. Asiyefundishwa aendelee kukandamiza bila kusita. Majeruhi wa umeme wasikatiwe tamaa mapema. Wengi wao walikuwa na moyo mzima dakika moja kabla ya ajali, na moyo wa namna hiyo una nafasi nzuri ya kurudi ukipata msaada wa haraka.

Asimwagiwe maji ili azinduke, asifukiwe udongoni ili "umeme utoke", asinyweshwe maziwa. Umeme haubaki mwilini baada ya mtu kutengwa nao, na kumgusa wakati huo hakuna hatari. Palipoungua papozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, pasipakwe dawa ya meno, mafuta wala asali, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi.

Swali linalokosekana zahanati

Majeruhi anayefika kwa miguu yake anaweza kumdanganya hata mtaalamu. Kidonda cha kidoleni huwa kidogo, cheupe au cheusi katikati, bila maumivu makubwa. Jeraha la umeme lakini huonekana dogo kwa nje kuliko lilivyo ndani. Kwa hiyo kila aliyepigwa na umeme anastahili kipimo cha ECG kinachoonyesha mwenendo wa umeme wa moyo, na aulizwe kama alipoteza fahamu, kama ana maumivu ya kifua, na kama moyo unamwenda mbio. Aliyepigwa na umeme wa nyumbani, ambaye hana dalili, hakuzimia na kipimo chake ni cha kawaida, kwa kawaida anaweza kurudi nyumbani akiwa na maelekezo. Mwenye lolote kati ya hayo, au mwenye ugonjwa wa moyo, abaki chini ya uangalizi. Zahanati isiyo na mashine hiyo impeleke panapostahili.

Mkojo uangaliwe, ukiwa na rangi ya chai ya rangi au kola, misuli imeharibika na figo zimo hatarini. Bega lisiloinuka lipigwe picha, kwani misuli inapokaza ghafla huweza kulitegua. Mjamzito, hasa aliyevuka wiki 20, mapigo ya moyo wa mtoto wake yafuatiliwe hata kama mwenyewe anajisikia vizuri. Mtoto aliyetafuna waya na kuungua pembe ya mdomo, wazazi wake waelezwe kwamba damu nyingi inaweza kutoka siku kadhaa baadaye, wakati gaga linapobanduka, na waoneshwe jinsi ya kubana midomo kwa vidole wakimkimbiza hospitalini. Hali ya chanjo ya pepopunda iulizwe kwa wote.

Baada ya hayo yote hubaki swali moja ambalo mara nyingi haliulizwi. "Mama, umeme huo ulimpigia wapi?" Jibu huwa tayari: "Kwenye soketi ya sebuleni, ile iliyolowa na mvua." Soketi hiyo bado ipo, na watoto wengine wawili wako nayo nyumbani wakati mwenzao akifungwa bandeji. Kumtibu mmoja na kumrudisha kwenye ukuta uleule ni sawa na kumtibu mtoto kipindupindu na kumrudisha kwenye kisima kilekile. Mganga hahitaji kujua kazi ya fundi. Anahitaji kusema sentensi moja kabla mgonjwa hajaondoka: soketi ile isiwashwe mpaka ibadilishwe. Kisha aandike kwenye jalada chanzo chenyewe, "soketi iliyoingiwa na maji", badala ya kuishia na "ajali ya umeme". Kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti.

Gharama ni ya nani

Pingamizi zito zaidi dhidi ya ushauri huu ni fedha. Familia iliyopoteza godoro, unga na sare za shule huambiwa iongeze gharama ya soketi, nyaya na fundi. Pingamizi hilo lina uzito na halijibiwi kwa kulaumu maskini. Lakini katika nyumba za kupanga, ambako mateso haya ni makubwa zaidi, nyaya za ukutani si mali ya mpangaji. Mazungumzo yanayosikika huko yanafahamika. "Baba mwenye nyumba, soketi ya chumbani inarusha cheche." "Ngoja ikauke, mwanangu." Hapo mwenye nyumba anaahirisha wajibu wake, na anayebeba hatari ya ahirisho hilo ni mtu asiye na ruhusa ya kufungua hata skrubu moja. Soketi iliyozama ihesabiwe pamoja na bati lililong'oka na ukuta ulioanguka: ni matengenezo ya mwenye nyumba. Viongozi wa serikali za mitaa, ambao huandikisha nyumba zilizoathirika, wanaweza kulisimamia hilo wakiongeza safu moja katika daftari lao.

Pale ambapo fedha hazitoshi kwa vyote, upo mpangilio wa busara. Zianze soketi zilizo karibu na maji na zinazofikiwa na watoto, kifuate kifaa cha kukata umeme unaovuja, na nyingine zibaki zimezimwa hadi zamu yake ifike. Kuishi na soketi mbili salama ni usumbufu unaovumilika. Kuishi na kumi zenye mashaka ni kujaribu bahati kila jioni.

Mhudumu wa afya wa jamii anayepita nyumba kwa nyumba na vidonge vya klorini mkobani tayari ameshafika mlangoni, na tayari anaaminiwa. Akishauliza kama maji ya kunywa yanatiwa dawa, na kama kuna anayehara, atazame pia mstari wa tope ukutani na aulize swali la tatu: soketi zilizo chini ya huo mstari, nani amezifungua? Nyumba nyingi zitajibu kwamba zilikwisha kauka zenyewe. Hapo ndipo mazungumzo yaanzie, swichi kuu ikiwa bado imezimwa.